Makarani wa Mlimani

Mtu akiniuliza mwandishi wa kwanza wa Wakonzo, sisi watu wa milima ya Rwenzori, alikuwa nani, humjibu kwamba alikuwa karani. Jina simtajii, kwa kuwa walikuwa wengi: walimu wa shule za msingi, makatekista, watoza kodi, vijana waliofika darasa la sita wakajua anwani inakaa upande gani wa karatasi. Nasema hivyo nikiwa mtu wa kazi hiyohiyo. Tangu ujana nimekula kwa kuandika maneno ya watu wengine, kwanza katika ofisi ya gombolola, halafu katika kibanda changu cha kuchapa na kutoa kopi hapa Bwera, kwenye barabara inayoteremka Mpondwe. Nimechapa wosia, mikataba ya mashamba, kumbukumbu za vikao vya kanisa, maombi ya kazi, ratiba za harusi na za mazishi. Watu wa Kampala wakisikia hivyo hudhani fasihi ni jambo la mbali na mimi. Kwetu sisi, wa Kasese, fasihi ya kalamu ilizaliwa ndani ya faili, na anayetaka kuijua historia yake lazima akubali kupumua vumbi la faili.

Mimi ni mtoto wa Kilembe. Baba alishuka kutoka Kyarumba kwenda kuchimba shaba, nami nikazaliwa katika nyumba za kampuni, karibu na mto Nyamwamba. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka 1956, mwaka uleule mgodi ulipoanza kutoa shaba kwa wingi, na watu wakaja kutoka kila upande: Wajaluo, Wakiga, Waacholi, Wanyarwanda, mafundi wa Kihindi. Chini ya ardhi huwezi kungoja mkalimani, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya mgodi, kisha ya bomba la maji, kisha ya watoto. Gazeti la Baraza nalo lilikuja na treni kutoka Nairobi, likiwa limechelewa, pembe zimekunjika. Jirani yetu mmoja, mzee wa Kijaluo ambaye miwani yake ilishikwa na uzi, alilisoma kwa sauti Jumapili mchana mbele ya milango yetu. Habari za serikali alizipita haraka. Watu walikuwa wanangoja barua na mashairi ya wasomaji. Nimewaona wanaume wenye vumbi la mawe bado shingoni wakibishana kama mtu wa Mombasa, wasiyemjua wala hawatamwona, amekosea mizani katika ubeti wa tatu. Baba hakujua kusoma vizuri, lakini sikio lake lilikuwa kali kuliko la wengi. Mshororo ukipungua alikunja uso kama aliyekanyaga mwiba.

Hiyo ilikuwa starehe. Shule ilikuwa shauri jingine, kwa sababu Wakonzo walijifunza kusoma kwa lugha ya watu waliowatawala. Mkataba wa Toro wa mwaka 1900 uliiweka milima hii chini ya Omukama Kasagama, mfalme wa Toro, na wamisionari wakaingia kwa mlango huohuo. Mmisionari H. E. Maddox alichapisha sarufi ya Kinyoro, ndugu ya Kitoro, mwaka 1902; vitabu vya ibada na vya shule vikafuata. Mtoto wa Kikonzo aliyetaka herufi alizipata pamoja na Kitoro, akasali kwa Kitoro, akahesabu kwa Kitoro, jioni akarudi nyumbani kwa bibi yake asiyejua hata neno moja la kile kitabu. Wakubwa wangu walisema mwalimu akikukuta unazungumza Kikonzo uwanjani unajua kitakachokupata.

Katika shule hizo walitoka walimu wawili ambao maisha yao nimeyafuatilia kwa miaka mingi.

Wa kwanza ni Timothy Bazarrabusa. Alikuwa Mkonzo, alikuwa mwalimu, na alikuwa mtunzi wa kweli, mwenye subira ya hadithi ndefu. Kitabu chake Ha Munwa gw'Ekituuro hutajwa kila wanapozungumzia fasihi ya Kinyoro na Kitoro, na kwa lugha hiyohiyo alitunga pia Kalyaki na Marunga. Uganda ilipopata uhuru mwaka 1962, ndiye aliyetumwa London kuiwakilisha nchi, wa kwanza kabisa. Wapo wazee wanaomnung'unikia hadi leo: kwa nini Mkonzo mwenye kipawa namna ile aliipamba lugha ya watu wengine? Mimi simnung'unikii. Mtunzi huandika kwa lugha aliyofundishwa kuandika, na tena anataka asomwe. Wakati ule hakukuwa na shule ya Kikonzo, wala msomaji aliyefundishwa kukisoma. Angeandika Kikonzo angemwandikia nani? Wale wanaomlaumu, nikiwauliza wamesoma kitabu chake kipi, huniambia bei ya kopi imepanda.

Wa pili ni Isaya Mukirane, naye mwalimu wa shule ya msingi. Huyu hakuandika hadithi. Mwaka 1954 alikuja mwandishi kijana Mwingereza, Tom Stacey, akitaka kuijua milima na watu wake, na Mukirane akawa mwenzake wa safari na mkalimani. Walipanda na kushuka mabonde pamoja, wakilala katika nyumba za watu. Katika miaka hiyo Mukirane na wenzake wakaunda chama cha kutafiti historia na maisha ya Wakonzo. Kilikuwa chama cha madaftari. Wanachama walikwenda kwa wazee kuuliza habari za koo, za mila, za kuhama, na za wale watatu, Nyamutswa, Tibamwenda na Kapoli, waliopinga utawala wa Toro na wa Waingereza wakanyongwa mwaka 1921.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa akisimulia jinsi vijana wa namna hiyo walivyofika kwenye ekyaghanda, pale penye moto ambapo wanaume huzungumza jioni, wakatoa kalamu. Alisema wazee waliwatazama kwa huruma. Mambo waliyoyauliza yalijulikana na kila mtu. Kuyaandika kulionekana kama kuhesabu mawe ya mtoni. Mzee mmoja akawauliza, "Sasa mkishaandika, mtamwambia nani?" Bibi alicheka kila alipofika hapo. Kisha aliacha kucheka, kwa sababu jibu la swali hilo lilikuja baadaye, nalo lilileta askari.

Nimefikiri sana juu ya daftari zile. Ukimwambia mtu aandike habari za babu yake, akaona zimekaa kwenye mstari, zina tarehe, zina majina, hataweza tena kusoma kitabu cha historia ya Toro bila kutafuta jina la babu yake humo. Akilikosa, ataandika barua. Mukirane na wenzake waliandika barua nyingi.

Kilichovunja mambo ni maandishi, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Kuelekea uhuru, ufalme wa Toro ulikuwa unajiandalia katiba. Wajumbe wa Kikonzo na wa Kiamba katika Rukurato, baraza la Toro, walitaka katiba itamke kwamba katika Toro wamo watu wa makabila matatu: Watoro, Waamba na Wakonzo. Walikuwa na madai mengine pia, ya shule, ya zahanati, ya vyeo. Lakini hilo la kutajwa ndilo lililowakaa kooni. Walikataliwa. Machi 1962 wakaondoka barazani, na viongozi wao watatu, Mukirane, Yeremiya Kawamara na Peter Mupalya, wakakamatwa. Serikali ikaunda tume chini ya Dk. F. C. Ssembeguya kuchunguza fujo, nayo ikaandika ripoti. Tarehe 30 Juni 1962, miezi michache kabla ya bendera ya Uganda kupandishwa, Mukirane alitangaza kwamba Rwenzururu, yaani nchi ya milima yetu, inajitawala. Februari 1963 hali ya hatari ikatangazwa katika eneo letu. Miaka ishirini ya vita, nyumba zilizochomwa, ng'ombe waliochukuliwa, watu waliokufa porini bila kuzikwa, yote hayo yalitanguliwa na sentensi ambayo watu wazima walikataa kuiingiza katika waraka.

Mwaka 1963 Waziri Mkuu Obote alimwomba Stacey arudi, apande kwa rafiki yake wa zamani, atafute suluhu. Suluhu haikupatikana. Stacey aliandika habari za safari hiyo katika kitabu alichokitoa mwaka 1965, Summons to Ruwenzori. Nimekisoma. Anajua kutembea yule bwana, na anajua kumtazama mtu. Lakini kwangu mimi kitabu kikubwa cha miaka ile ni kile ambacho hakikujalidiwa, yaani karatasi za serikali ya mlimani yenyewe.

Serikali ile iliandika mno. Watu walioishi kwa kuhamahama kati ya ukungu na migomba, wakikimbia doria za jeshi, walikuwa na taipureta, mihuri ya mpira, stakabadhi za kodi, barua za uteuzi, vitabu vya mahakama, kumbukumbu za mikutano. Wanahistoria wa vyuo wameyaandika haya. Profesa Derek Peterson wa Chuo Kikuu cha Michigan ameonyesha vizuri jinsi Rwenzururu ilivyojifanya dola kwa kufuata taratibu za ofisi. Mimi nilikuwa nimeyaona kabla sijamsoma. Baada ya serikali ya Museveni kuutambua ufalme wa Rwenzururu mwaka 2009, vijana wa watu waliotumikia mlimani walianza kuja dukani na karatasi za baba zao kutoa kopi, ili waonyeshe kwamba mzee alikuwa na cheo. Zilikuwa zimefungwa kwa mifuko ya sukari, nyingine zikinuka moshi wa jikoni, kwa sababu zilifichwa juu ya dari la meko.

Nitaeleza moja, bila kutaja ya nani. Imechapwa kwa mashine ambayo herufi e inaruka juu ya mstari. Utepe wa wino ulikuwa umekauka, mchapaji akagonga kwa nguvu mpaka nukta zimetoboa karatasi. Juu kuna namba ya kumbukumbu, na chini yake tarehe. Anayeandikiwa ni mtu ambaye, kwa hesabu yangu, alikaa bonde la pili, mwendo wa asubuhi moja. Angeweza kuitwa kwa mdomo. Lakini ameandikiwa rasmi, kwa heshima zote, hoja zimepewa namba, na mwisho kuna orodha ya watu waliopelekewa nakala. Habari yenyewe ni kuhusu mbuzi wa faini. Mchapaji wa kazi yangu akiona ukurasa ule anajua kilichofanyika: mwandishi aliingiza karatasi tatu na kaboni mbili, akazipanga sawasawa, akagonga polepole ili asikosee, maana kosa kwenye kaboni halifutiki. Amefanya hivyo akiwa kwenye kibanda cha nyasi, mvua inanyesha, jeshi liko chini bondeni.

Watu wengine huona kichekesho. Wanasema walikuwa wanawaiga wakoloni, hata unyenyekevu wa mwisho wa barua, ule wa kujiita mtumishi mtiifu. Waliiga, ndiyo. Kijana aliyefukuzwa mezani mwa wakubwa alikuwa amekaa miaka mingi akitazama jinsi wanavyokula. Nikizisoma barua zile nasikia kitu ambacho katika maandishi ya ofisi za leo sikisikii, nacho ni raha. Mwandishi anaonja kila neno refu. Anaweka “kwa hiyo” na “licha ya hayo” kama bwana harusi anavyorekebisha tai. Sentensi zinapanda kupita kiasi, zinachoka njiani, zinajikokota hadi kileleni. Ningekuwa mhariri ningezikata nusu, na ningekuwa nimeziua.

Mukirane alifariki tarehe 2 Septemba 1966. Mwanawe, Charles Wesley Mumbere, akatawazwa mfalme tarehe 19 Oktoba mwaka huohuo, akiwa bado kijana wa umri wa shule. Makarani wakaendelea kuandika.

Na waimbaji wakaendelea kuimba, jambo ambalo makarani wenzangu hupenda kulisahau. Kirsten Alnaes, mwanaanthropolojia kutoka Norway, alichapisha makala juu ya nyimbo za uasi wa Rwenzururu mwaka 1969. Peter Cooke na Martin Doornbos wakarudi kwenye somo hilo mwaka 1982. Walifanya vema, maana nyimbo zile ndizo zilizopanda mlima bila kukamatwa. Askari akikupekua akakuta barua yenye muhuri, umekwisha. Akikupekua akakuta wimbo, hana la kuchukua. Bibi yangu, ambaye hakujua kushika kalamu, alijua majina ya waliokufa ukoo kwa ukoo kwa sababu yalipangwa katika nyimbo. Aliyaimba akipalilia, aliyaimba akikausha kahawa. Endara ikipigwa, zile mbao zilizolazwa juu ya migomba, mikono ya wapigaji ikifukuzana, hata mtu aliyekuja kuvizia habari alicheza kwanza. Lakini wimbo hautunzi tarehe, na wimbo humsamehe aliye jirani. Nimelinganisha simulizi ya bibi na karatasi moja ya mlimani kuhusu uchomaji wa nyumba katika kijiji kimoja: bibi alikuwa na vilio, na jina la ng'ombe aliyechukuliwa, karatasi ilikuwa na idadi ya nyumba na jina la mtu wa kijiji hichohicho aliyewaonyesha njia askari. Jina hilo katika wimbo halimo. Nikimfikiria mjukuu wa mtu huyo, ninayemchapia barua zake za shule, naona waimbaji walikuwa na sababu zao.

Miaka iliyofuata naipita haraka, kwani imeandikwa na wengi. Rais Amin alitupatia wilaya yetu mwaka 1974, na neno Toro likatoka juu ya karatasi zetu. Agosti 1982 Mumbere alishuka kutoka mlimani kwa makubaliano na serikali ya Obote, makubaliano ambayo Amon Bazira, mwanasiasa wa hapahapa, aliyashughulikia sana. Bazira mwenyewe akatoa kijitabu juu ya miaka ile ishirini ya uchungu. Mwaka huo mgodi wa Kilembe nao ulisimama, na baba akarudi Kyarumba na kikohozi chake na redio moja.

Anayetaka leo kusoma karatasi za zamani za nchi yetu hupanda gari kwenda Fort Portal. Huko Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon, kwa kushirikiana na wenzao wa Michigan, kilizipokea nyaraka za wilaya ya Kabarole zilizokuwa zinaoza katika stoo za serikali, kikazisafisha na kuzipiga picha za kompyuta. Nilikwenda. Niliketi siku nzima na mafaili ya maofisa wa zamani, nikisoma malalamiko ya Wakonzo yaliyopokelewa, yakapigwa muhuri, yakawekwa. Pembeni mwa barua moja ofisa aliandika kwa penseli maneno machache ya dharau. Mlalamikaji alikuwa ametumia kurasa nne. Nilimwonea fahari mlalamikaji; kurasa nne zile zina mwanzo, zina wahusika, zina mtoza ushuru mwovu anayeelezwa hadi kofia yake. Ofisa alikuwa ameshika kazi ya fasihi mkononi, akadhani ni usumbufu.

Upande wa pili wa mpaka kuna ndugu zetu Wanande, ambao mkataba wa mwaka 1910 kati ya Waingereza na Wabelgiji uliwaacha Kongo. Lugha ni moja kwa kiasi kwamba mama wa Kasindi na mama wa Bwera wanagombana bei ya samaki bila kukosa neno. Maandishi ndiyo yaliyoachana: wao walifundishwa na mapadri waliotoka Ulaya kwa Kifaransa, sisi kwa Kitoro na Kiingereza, na kila upande ukapanga herufi zake. Tangu mtaala wa mwaka 2007 ulipotaka watoto wadogo wafundishwe kwa lugha za nyumbani, Kikonzo kimepata vitabu vya shule na ubishi wa tahajia, hasa ile lh yetu ambayo wageni huitupa. Jina la mji wetu, Mpondwe-Lhubiriha, lina bahati mbaya katika magazeti ya Kampala. Mteja akitoka Kasindi, hunisimulia shida yake kwa Kiswahili cha Kongo, nami huiandika kwa Kiswahili ambacho wakili wa Goma na karani wa Kasese wote watakielewa. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kutafsiri, na hakuna tuzo yake.

Juni 2023 waasi waliishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha usiku, wakaua watu zaidi ya arobaini, wengi wao wanafunzi. Wiki hiyo dukani hatukuchapa kitu kingine isipokuwa ratiba za mazishi. Katika ratiba zetu ukurasa wa pili huwa na wasifu wa marehemu, na mtu wa miaka kumi na sita ana wasifu mfupi. Wazazi walikaa kwenye benchi wakitafuta sentensi. Baba mmoja alitaka iandikwe kwamba mwanawe alikuwa akiazima vitabu vya hadithi asivirudishe. Binamu yake akasema hilo si la kuandika. Baba akasema andika. Niliandika.

Wizara ingenipa nafasi ya kupanga kitabu cha fasihi kwa wanafunzi wa Kasese, nayo haitanipa, ningeanza na sura ya Bazarrabusa iliyotafsiriwa Kikonzo, arudi nyumbani angalau kwa mlango wa nyuma. Baada yake ningeweka wimbo mmoja wa miaka ya sitini na jina la aliyeuimba, halafu zile kurasa nne za mlalamikaji wa kofia. Halafu barua ya mbuzi, yenye e inayoruka.

Biira, binti anayenisaidia dukani, ambaye huchapa haraka kuliko mimi na kusoma riwaya kwenye simu wakati hakuna wateja, haafiki barua ya mbuzi. Anasema itawalaza wanafunzi. Yeye anataka tuweke taarifa ya kikao cha ukoo aliyoichapa mwaka jana, ndugu wawili wakigombea mpaka wa shamba la kahawa, majina yao tukiyabadilisha. Nimeisoma tena. Shahidi wa tatu peke yake ametaja mbwa, mvua ya siku hiyo, jirani mlevi aliyelala juu ya jiwe la mpaka, na nani alimnunulia nani soda. Karani wa ukoo ameyaandika yote kama yalivyosemwa, pamoja na matusi. Barua ya mbuzi nimeisogeza nyuma.